Walimu Watarajiwa, Tujifunze Kufungua Aplikesheni za Mikopo

Wanachuo wenzangu, nianze na simu niliyopigiwa alfajiri, wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha. Aliyepiga ni mama yangu mdogo wa Katoro, anayeuza dagaa na mchele pale sokoni. Mimi nilikuwa nimepangiwa shule ya sekondari ndani ya mkoa huo huo wa Geita, kwa hiyo nikadhani anataka kunitumia mzigo wa chakula kama kawaida yake.

"Mwalimu," akasema (ananiita hivyo tangu nichaguliwe chuo, hata cheti sijashika), "umepata meseji yoyote ya kunihusu mimi?"

"Shikamoo mama. Nimeipata."

"Marahaba. Kumbe hata wewe." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

Meseji yenyewe iliingia usiku kwa namba nisiyoijua. Ilimtaja kwa majina yake matatu, ikamwita tapeli, ikasema amekopa na kukimbia, na kwamba mimi kama mtu wake wa karibu nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana la sivyo picha yake itasambazwa. Meseji hiyo hiyo ilimfikia mwalimu mkuu wa shule anakosoma mtoto wake, mchungaji, mweka hazina wa kikoba, fundi aliyempigia bati miaka miwili nyuma, na mama mmoja wa Bwanga anayemuuzia mchele kwa mali kauli. Deni lilikuwa shilingi 50,000. Mkononi iliingia 36,000, nyingine ikaitwa gharama za huduma. Alipaswa kulipa ndani ya siku saba, akachelewa siku mbili.

Lakini pesa haikuwa kilichomuuma zaidi. "Kwenye fomu niliandika watu wawili tu," akaniambia. "Hao wengine wamepatikanaje?" Na jibu alikuwa nalo tayari: wifi yake. Wiki moja kabla, wifi alikuwa ameazima simu hiyo mchana kutwa. Kwa hiyo ni wifi aliyenakili namba na kuziuza. Walishatupiana maneno sokoni, mbele ya meza za dagaa, na neno mwizi lilishatoka.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ninachotaka kukisema kwenye ukurasa huu kinaweza kuonekana ni cha watu wa kompyuta peke yao. Nasema hivi: sisi tunaosoma ualimu tunapaswa kujua kufungua programu iliyokwisha kukompailiwa na kusoma kilichomo ndani, angalau kwa kiwango cha kujibu swali kama la mama mdogo. Inawezekana kwa mistari michache ya Python. Na chuo kinachotupa muhula mzima wa kutengeneza slaidi kinaweza kabisa kutupa mchana mmoja wa jambo hili.

Mimi nilikutana nalo kwa bahati. Kwenye kozi yetu ya programu, mhadhiri alikuja siku moja na faili dogo linaloitwa siri.pyc. Akatuambia ndani yake kuna neno la siri, programu inauliza neno hilo, ukikosea inakufukuza. Msimbo wa asili, yaani maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake, alikuwa ameufuta. Lililobaki ni lile faili ambalo Python hulitengeneza yenyewe baada ya kuyageuza maandishi kuwa maagizo mafupi inayoyapenda mashine yake. Ukilifungua kwa kihariri cha kawaida unaona takataka, alama za ajabu na vipande vya maneno. Tukabahatisha maneno ya siri kwa dakika kumi. Kuna mtu alitaja hadi jina la mke wa mhadhiri.

Halafu akaandika mistari mitano. Fungua faili, ruka baiti 16 za mwanzo ambazo ni kichwa tu, soma zinazobaki kwa moduli ya marshal, kisha zikabidhi kwa moduli inayoitwa dis. Zote mbili zinakuja na Python yenyewe, hupakui kitu. Ikatoka orodha ndefu ya maagizo, kila mstari kitendo kimoja: pakia hiki, pakia kile, linganisha, kama si sawa ruka mpaka mstari fulani. Na katikati ya orodha, wazi kabisa, lilikuwepo neno la siri. Darasa lilicheka, lakini mimi nilibaki na mawazo. Nilikuwa naamini kwamba programu ikishakompailiwa imefungwa kama karanga iliyosagwa, hairudi kuwa karanga. Kumbe imebadilishwa umbo tu. Majina ya wageni, anwani, maneno yaliyoandikwa ndani, milango ambayo programu inaigonga, vyote vinabaki, kwa sababu mashine nayo inavihitaji ili ifanye kazi.

Basi Jumamosi iliyofuata nilipanda gari nikaenda Katoro na laptopu yangu ya RAM ya GB 4.

Aplikesheni ile mama mdogo hakuipata kwenye duka la Google. Alitumiwa kiungo na mtu wa kundi la WhatsApp, akabonyeza, ikashuka. Hili nalo lina sababu yake. Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza aplikesheni za mikopo binafsi zilizoko dukani kwake kusoma orodha ya namba na picha za mtu. Anayetaka kuendelea na mchezo huo ana njia nyingine ya kupita, na njia hiyo ni kiungo. Kwa bahati yetu, faili lilikuwa bado liko kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Nikalihamishia kwenye laptopu.

Faili la aplikesheni ya Android, lile linaloishia na apk, kumbe ni zipu ya kawaida. Unaweza kulifungua kama unavyofungua notsi za mhadhiri zilizotumwa kwa pamoja. Ndani kuna picha, kuna tangazo la aplikesheni linaloorodhesha ruhusa inazoomba, na kuna faili moja au zaidi la dex, ambamo msimbo wa Java au Kotlin umegeuzwa kuwa maagizo ya Android. Kwa kusoma hayo yote kuna zana ya bure inayoitwa Androguard, iliyoandikwa kwa Python na kuanzishwa na Anthony Desnos. Inasoma bila kuendesha. Hilo ni muhimu: programu haiamki, haipigi simu popote, imelala mezani nawe unaipekua mifuko.

Laptopu ilihema kama karasha la Rwamgasa. Baada ya dakika kadhaa ikanipa orodha ya ruhusa. Kamera, sawa, wanapiga picha ya kitambulisho. Mahali ulipo. Meseji zote. Kumbukumbu ya simu ulizopiga na kupokea. Na pale katikati: READ_CONTACTS, soma namba zote za watu waliomo kwenye simu.

Lakini kuomba ruhusa si ushahidi kwamba imetumika. Mtu anaweza kuwa na ufunguo wa stoo na asiingie stoo. Kwa hiyo ilibidi kuingia ndani ya maagizo yenyewe, na hapa waandishi wa aplikesheni walikuwa wameweka kikwazo: madarasa na kazi zote zimepewa majina ya herufi moja moja, a, b, c, aa, ab. Ni kawaida, hata aplikesheni za benki hufanya hivyo, kwa kupunguza ukubwa na kumchosha mpekuzi. Nilichoka kweli. Nilikaa na herufi zile mpaka mama mdogo akaleta ugali na kuondoa sahani bila mimi kujua nimekula nini.

Kilichonisaidia ni jambo moja ambalo nikilielewa mimi wa Ualimu, kila mtu atalielewa. Mwandishi anaweza kubadili majina ya vitu vyake, ila hawezi kubadili majina ya vitu vya simu. Akitaka kusoma orodha ya namba, ni lazima aiombe Android kwa jina lile lile ambalo Android inalijua, la sivyo haitamwelewa. Kwa hiyo sikutafuta tena kazi inayoitwa "iba namba". Nilitafuta ni nani anayeugonga mlango wa namba. Androguard inaweza kukuonyesha, kwa kila mlango, ni kazi gani zinauita, na kazi hizo zinaitwa na nani, ukirudi nyuma hatua kwa hatua.

Nikarudi hatua nne. Mnyororo ulikuwa huu: ukurasa wa kwanza kabisa wa aplikesheni ukifunguka, inaomba ruhusa. Ukikataa, inarudisha kisanduku kile kile cha kuomba. Ukikubali, inapita kwenye orodha yote, jina na namba, jina na namba, inavikusanya kwenye maandishi marefu, kisha inayakabidhi kwa kazi ya kutuma kwenda kwenye anwani moja ya mtandao iliyokuwa imeandikwa humo humo ndani. Yote haya kabla hujaandika hata kiasi unachotaka kukopa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu yangu uliyewahi kufungua aplikesheni kama hii "kuangalia tu" halafu ukaifuta. Bumu likichelewa, tunajua wote, hosteli nzima inaambizana ni ipi inatoa haraka. Wangapi tulibonyeza Ruhusu, tukaona riba, tukaogopa, tukafuta, tukajiona wajanja? Kama ilikuwa na utaratibu kama huu, namba za wazazi wetu zilikwishaondoka.

Nakiri mipaka ya nilichokiona. Nimeuona mkono unaotuma, sikuiona kompyuta inayopokea wala mtu anayekaa mbele yake kuandika matusi. Zipo aplikesheni zinazoficha maneno yake kwa kuyavuruga mpaka wakati wa kuendeshwa, na zipo zinazopakua sehemu ya msimbo baadaye, ambazo kwa kusoma faili peke yake hutazikamata. Kutokuona kitu kwa njia hii si hati ya usafi. Ila swali la mama mdogo halikuwa gumu kiasi hicho. Aliuliza hao wengine wamepatikanaje, na jibu lilikuwa kwenye skrini.

Kuna wenzangu niliowasimulia wakasema: sasa hayo si kazi ya serikali? Ni kazi yake, na imefanya sehemu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha kidijitali bila leseni na bila kukidhi mwongozo wake wa mwaka huo kwa wakopeshaji wa aina hiyo, ikawataka wananchi wasijihusishe nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Naipongeza kazi hiyo. Ila orodha ni majina, na jina la aplikesheni linabadilishwa kwa dakika mbili, na picha yake ya nje kwa dakika nyingine mbili. Kilicho ndani ndicho kigumu kubadilisha, maana ndicho biashara yenyewe. Mlalamikaji anayekwenda kwenye Tume na kusema "wametuma meseji kwa watu wangu" ana haki. Anayekwenda na kusema "faili hili, sehemu hii, linachukua orodha nzima na kuituma kwenye anwani hii" ana haki na ana cha kushika mkononi.

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tusingepaswa kuambiwa hili na mtu. Hakuna mwenye akili Rwamgasa anayenunua kiroba cha mawe kwa maneno ya muuzaji. Anachukua kidogo, anatwanga, anaosha kwenye karai, anaangalia kinachobaki chini. Na mwaka 2017, nikiwa darasa la saba, nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, yakiwa yametoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapewa kazi ya kuchukua sampuli na kupima. Kampuni ilizikataa hesabu za kamati, mabishano yakawa marefu, na mpaka leo ukitaka kugombanisha watu wa Kahama kijiweni anzisha mada hiyo. Nani alikuwa sahihi kwa kiasi gani, sitaki kuingia huko. Ninachokikumbuka ni kwamba watu wazima waliokuwa wanakaa barazani kwetu waliona ni jambo la kawaida kabisa kusema: karatasi inasema hivi, sasa fungueni tuone. Mbona kwenye simu tunakubali karatasi?

Kijana mmoja wa Sayansi ya Kompyuta aliniambia, kwa utani wenye miiba, kwamba mtu wa Ualimu akianza kupekua dex basi na yeye ataanza kuandika azimio la somo. Nikamwambia aandike, tunahitaji. Lakini hoja yake iko chini ya utani: kwamba hii ni fani, ina miaka yake ya kusoma, msije mkajifanya. Nakubali nusu. Sitaweza kuchambua kirusi kilichotengenezwa na mabingwa. Nesi wa zahanati naye si daktari bingwa, na bado tunamtaka ajue kupima presha. Na ukweli ni kwamba wao wa Sayansi ya Kompyuta wakimaliza wengi wanaitafuta Dar, na sisi ndio tunaopelekwa Nyarugusu, Mbogwe na Bukombe. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 ina somo la Sayansi ya Kompyuta sekondari. Mtu atakayesimama mbele ya hilo somo kule ni mimi na wewe. Mtoto akiuliza, mwalimu, hii iliyoko kwenye simu ya baba inafanya nini, tutamwonyesha jinsi ya kukoleza maandishi?

Wengine wanauliza kuhusu sheria, na ni swali la haki kwa sababu tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na haina mchezo. Mimi si mwanasheria. Nachojua ni nilichofanya na nisichofanya. Nilisoma faili lililokuwa kwenye simu ya mama mdogo, kwa ruhusa yake, akiwa amekaa pembeni yangu anachambua dagaa. Ile anwani ya mtandao niliyoikuta sikuigusa. Sikujaribu kuingia kwenye kompyuta ya mtu, ingawa, niseme ukweli, mkono uliwasha. Mstari huo ndio ambao mhadhiri angeutufundisha vizuri kuliko sisi kujifunzia barabarani.

Kwa hiyo ombi langu kwa Idara ni dogo. Kwenye ile kozi ya teknolojia ya elimu, wiki moja kati ya zile za slaidi igeuzwe. Tuanze na dis, kwa kazi ya mistari mitatu inayojumlisha namba mbili, ili mtu aone kwa macho yake maandishi yake yanavyogeuka maagizo. Halafu zipu ya apk, halafu ruhusa, halafu kurudi nyuma kutoka kwenye mlango mpaka kwa anayeugonga. Kompyuta za maabara yetu, pamoja na uzee wake, zinatosha. Na kwa serikali yetu ya wanafunzi: mabango yenu ya "Epuka mikopo kausha damu" yamebandikwa vizuri, ila mwenye njaa hazuiwi na bango. Tengeni meza moja maabara, Jumamosi moja kwa mwezi, mtu alete faili kabla hajabonyeza Ruhusu, tulisome pamoja naye. Mimi nitakuwepo. Yule wa Sayansi ya Kompyuta naye kaahidi kuja, kama atanunuliwa soda.

Nimalizie ya Katoro. Nilipomwonyesha mama mdogo ile orodha, nikamweleza kila hatua kwa Kiswahili na pale nilipokwama akanisaidia kwa Kisukuma, aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo si yeye?"

"Si yeye, mama."

Alifuta mikono kwenye kitenge akakaa kimya. Jioni akampa mtoto kilo tano za mchele apeleke kwa wifi. Mchele ukarudi, mfuko haujafunguliwa. Jumapili akaenda mwenyewe, nami sikuambiwa walichozungumza, ila wiki iliyopita amenitumia faili lingine kwa WhatsApp. Anasema wifi ndiye aliyemwambia anitumie: kuna aplikesheni mpya ya kutunza hesabu za kikoba, wanachama wote wameambiwa waiweke, na wao wawili wamekataa mpaka mwalimu aitazame. Ipo kwenye laptopu. Ina ukubwa wa MB 31, nitaifungua Jumamosi.